Wajibu wa Tano: Uzalendo na Heshima ya Mwanamke katika India ya Leo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi, akina mama na akina baba, nawashukuru kwa mwaliko.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1947, Bunge la Katiba la India lilikesha New Delhi likisubiri uhuru. Hotuba ya Jawaharlal Nehru ya usiku ule inasomwa mpaka leo. Kuna tendo jingine la kikao hicho ambalo halitajwi sana: Hansa Mehta, mjumbe kutoka Bombay, alisimama kwa niaba ya wanawake wa India akamkabidhi mwenyekiti wa Bunge, Rajendra Prasad, bendera ya taifa jipya. Wanawake aliowawakilisha walikuwa wameulipia uhuru huo. Sarojini Naidu aliongoza waandamanaji waliopinga sheria ya chumvi ya Waingereza huko Dharasana mwaka 1930, akafungwa. Matangini Hazra, bibi wa zaidi ya miaka 70, aliuawa kwa risasi huko Tamluk mwaka 1942 bendera ikiwa mkononi. Mwaka huohuo Usha Mehta, msichana wa miaka 22, aliendesha redio ya siri ya wapigania uhuru mjini Bombay mpaka polisi walipomkamata.

Miaka 77 baadaye, usiku wa tarehe hiyohiyo, maelfu ya wanawake walijaa barabara za Kolkata na miji mingine ya Bengal Magharibi. Siku chache kabla, tarehe 9 Agosti 2024, daktari kijana aliyekuwa zamu katika hospitali ya serikali ya RG Kar alikutwa amebakwa na kuuawa ndani ya ukumbi wa semina, alikokwenda kujipumzisha katikati ya zamu ndefu. Wito wa waandamanaji ulikuwa kwamba wanawake wautwae usiku. Walichagua usiku wa uhuru kwa makusudi, maana walikuwa wanaidai haki ileile ambayo bibi zao walikabidhi bendera kwa ajili yake.

Hoja yangu ni hii: kwa raia wa India, kumheshimu mwanamke ni sehemu ya uzalendo kwa maandishi ya Katiba yenyewe. Na uzalendo huo una kazi za kufanywa, zenye fomu, saini na siku za mwisho. Asiyezijua kazi hizo anaweza kuimba wimbo wa taifa kila asubuhi na bado akawa hajaitumikia nchi yake.

Katiba ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 haikuwa na orodha ya wajibu wa raia. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1976 kwa marekebisho ya 42, katika Ibara ya 51A. Marekebisho yale yalipitishwa wakati wa hali ya hatari, na sehemu zake nyingi zilifutwa miaka miwili tu baadaye. Ibara hii ilibaki. Ilikuwa na vifungu kumi, na mwaka 2002 kikaongezwa cha kumi na moja. Kifungu cha kwanza kinamtaka raia aitii Katiba na aheshimu bendera na wimbo wa taifa. Cha nne kinamtaka ailinde nchi. Cha tano kinamtaka ajenge udugu kati ya watu wa dini, lugha na majimbo yote, na aachane na desturi zinazoushusha utu wa mwanamke.

Hiyo ni orodha moja, na hakuna palipoandikwa kwamba bendera iko juu na mwanamke chini. Tofauti imeletwa na watu. Anayeichoma bendera hadharani hufungwa hadi miaka 3 kwa sheria ya mwaka 1971, na mtaa mzima hukasirika. Anayemtesa mkewe nyuma ya ukuta, majirani husema ni mambo ya ndani.

Angalieni pia kitenzi kilichotumika. Katiba haikumwambia raia amsifu mwanamke. Sifa India inazo za kutosha. Nchi yenyewe huitwa Mama, Bharat Mata, na kila mwaka Kolkata husimama siku kadhaa kwa ajili ya ibada ya Durga, mungu wa kike. Katiba ilisema aachane na desturi fulani, yaani kuna kitu mkononi mwake inabidi akitupe. Tena haikusema amheshimu kwa kuwa ni mama au dada wa mtu. Mjane asiye na watoto, binti anayeishi peke yake Bengaluru, mfanyakazi wa ndani aliyetoka Jharkhand, wote wamo, kwa sababu ni raia.

Kosa la kwanza linalofanywa na watu wenye nia njema ni kudhani kwamba heshima ni kumfungia mwanamke ndani. Baada ya msiba wa RG Kar, serikali ya jimbo ilitoa mwongozo uliotaka wanawake wapunguziwe zamu za usiku. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Juu iliukataa. Jaji Mkuu wa wakati huo, D. Y. Chandrachud, alikumbusha kwamba wanawake wanarusha ndege na kutumikia jeshini usiku, na kwamba kazi ya serikali ni kuwapa ulinzi, siyo kuwapunguzia kazi. Msimamo huo una mantiki nzito. Daktari wa kike asiyefanya zamu ya usiku hupata uzoefu mdogo kuliko wenzake, na siku ya kupandishwa cheo ataambiwa hana sifa. Hospitali inayotaka kuwaheshimu madaktari wake iweke chumba cha kulala chenye komeo kwa ndani, choo karibu na chumba hicho, taa kwenye korido, usafiri baada ya zamu, na iwe na orodha ya kila mtu anayeruhusiwa kuingia wodini usiku.

Sasa niende kazini, mahali ambapo sheria ya India dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia imeandikwa kwa undani mkubwa na utekelezaji wake umelegea sana.

Sheria hiyo imetokana na mwanamke wa kijijini. Bhanwari Devi, wa jamii ya wafinyanzi katika kijiji cha Bhateri, Rajasthan, alikuwa mhamasishaji wa mradi wa serikali wa maendeleo ya wanawake. Mwaka 1992 alijaribu kuzuia ndoa ya mtoto mchanga katika familia yenye nguvu kijijini, na kwa sababu hiyo akabakwa na kundi la wanaume. Mahakama ya chini iliwaachia washtakiwa wa ubakaji mwaka 1995. Mashirika ya wanawake yaliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: aliumizwa akiwa anatekeleza kazi ya serikali, je, mwajiri wake alikuwa na wajibu gani? Tarehe 13 Agosti 1997, katika shauri la Vishaka, Mahakama ya Juu ilitoa miongozo ya kufuatwa na kila mwajiri mpaka Bunge litakapotunga sheria. Bunge lilichukua miaka 16. Sheria ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini ilipitishwa mwaka 2013.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila sehemu ya kazi yenye watu 10 au zaidi lazima iwe na Kamati ya Ndani. Mwenyekiti ni mwanamke mwenye cheo cha juu, wajumbe wasiopungua wawili ni wafanyakazi, na mjumbe mmoja hutoka nje, katika shirika linalotetea wanawake au mtu anayelifahamu suala hili. Nusu ya wajumbe, kwa uchache, wawe wanawake. Mlalamikaji huandika malalamiko yake ndani ya miezi 3 tangu tukio, na kamati inaweza kumwongezea miezi 3 mingine kama ana sababu. Hupeleka nakala 6 pamoja na ushahidi na majina ya mashahidi. Ndani ya siku 7 za kazi mtuhumiwa hupewa nakala, naye ana siku 10 za kazi kujibu. Mawakili hawaruhusiwi kuwasimamia wahusika. Uchunguzi umalizike ndani ya siku 90, ripoti itolewe ndani ya siku 10, na mwajiri atekeleze mapendekezo ndani ya siku 60. Wakati uchunguzi unaendelea, mwanamke anaweza kuomba ahamishwe yeye au mtuhumiwa ahamishwe, au apewe likizo ya hadi miezi 3. Mwajiri asiye na kamati hutozwa faini ya hadi rupia 50,000, na akirudia adhabu huongezeka maradufu na leseni yake inaweza kufutwa. Sehemu yenye watu pungufu ya 10, au mlalamikiwa akiwa ndiye mwajiri mwenyewe, malalamiko huenda kwenye Kamati ya Mahali, ambayo ni ya wilaya.

Inaharibika wapi? Kwanza, kamati huwepo kwenye karatasi tu. Majina hayabandikwi ukutani, na mfanyakazi mpya hajui aende kwa nani mpaka miezi 3 imepita. Pili, mjumbe wa nje huwa ni wakili wa kampuni hiyohiyo au rafiki wa mkurugenzi, na hapo maana nzima ya kuwa na mtu wa nje hupotea. Tatu, mwanamke hushinikizwa apatane. Sheria inaruhusu usuluhishi pale tu yeye mwenyewe anapouomba, na inakataza usuluhishi huo kujengwa juu ya malipo ya fedha. Nne, jina lake huvuja, ingawa kulitangaza ni marufuku. Na tano, jambo linalowaogopesha wengi kuliko yote, huambiwa kwamba asipothibitisha ataadhibiwa kwa kusema uongo. Huo ni upotoshaji. Sheria inasema wazi kwamba kushindwa kuthibitisha hakufanyi malalamiko kuwa ya uongo. Nia mbaya huchunguzwa na kuthibitishwa peke yake kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa.

Mwaka 2023 wacheza mieleka wa taifa walikaa barabarani Jantar Mantar, New Delhi, wakidai uchunguzi wa tuhuma za unyanyasaji katika shirikisho lao. Miongoni mwao alikuwepo Sakshi Malik, aliyeiletea India medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Vinesh Phogat, bingwa wa Jumuiya ya Madola. Kamati ya uangalizi iliyoundwa na serikali ilibaini kwamba shirikisho hilo halikuwa na Kamati ya Ndani iliyoundwa kisheria. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ilinukuu taarifa ya gazeti iliyoonyesha kwamba mashirikisho 16 kati ya 30 ya michezo ya taifa hayakuwa na kamati hiyo kama inavyotakiwa. Tarehe 28 Mei, siku jengo jipya la Bunge lilipozinduliwa, wanariadha hao walijaribu kuandamana kuelekea huko wakiwa na bendera mikononi, na polisi wakawakokota. Picha zile ziliniumiza, na ninaamini ziliwaumiza Wahindi wengi. Watu walioipandisha bendera juu ya majukwaa ya dunia walibanwa chini pamoja nayo, kwa kudai utaratibu ambao sheria ilikuwa imeuweka miaka 10 kabla.

Hapa niseme neno kwa wafanyabiashara wanaopenda kuzungumzia uwajibikaji wa kijamii. Sheria ya Kampuni ya India ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa, kwa mfano zenye faida halisi ya rupia milioni 50 au zaidi, zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyopita kwa kazi za jamii, na usawa wa jinsia umo kwenye orodha ya kazi hizo. Ni sheria nzuri. Lakini kampuni inaweza kujenga hosteli ya wasichana kwa fedha hizo, ikapiga picha, huku kiwandani kwake wanawake hawana hata choo cha kufunga mlango. Tangu mwaka 2018 ripoti ya wakurugenzi lazima iseme kama Kamati ya Ndani ipo. Mwenye hisa aifungue ripoti hiyo, aisome sentensi hiyo, kisha kwenye mkutano wa mwaka aulize majina ya wajumbe.

Kituo cha polisi ni mlango mwingine ambapo raia hukwama. Baada ya ubakaji na mauaji ya mwanafunzi ndani ya basi Delhi tarehe 16 Desemba 2012, kamati ya Jaji J. S. Verma ilipokea maoni yapatayo 80,000 na kutoa ripoti kwa siku 29. Sheria ya jinai ilibadilishwa mwaka 2013. Tangu hapo, ofisa wa polisi anayekataa kuandika taarifa ya kosa la kingono naye ametenda kosa, na kifungo chake ni kati ya miezi 6 na miaka 2. Taarifa inaweza kufunguliwa kituo chochote, hata kama tukio lilitokea wilaya nyingine. Kituo huipa namba ya sifuri kisha hukipelekea kituo husika. Nakala ni bure. Maelezo ya mwanamke huchukuliwa na ofisa wa kike. Hospitali yoyote, ya serikali au ya binafsi, lazima imtibu bure na mara moja. Kipimo cha vidole viwili, kilichokuwa kikiwadhalilisha waliobakwa kwa madai ya kupima kama wamezoea tendo, kimepigwa marufuku, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema anayekifanya atahesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi.

Kwa hiyo jirani anayemsindikiza mwanamke kituoni ana kazi tatu: ahakikishe nguo hazifuliwi wala kutupwa, asikubali jibu la kwamba hapa si eneo letu, na asiondoke bila nakala. Wakikataliwa, taarifa hupelekwa kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa hakimu. Namba ya msaada wa wanawake ni 181, na ya dharura ni 112. Tatizo kubwa hapa ni ushauri wa wazee wa mtaa kwamba yamalizwe kimya kimya, wakati mwingine hata kwa kumwoza binti kwa aliyemwumiza. Ushauri huo ndio desturi ambayo kifungu cha tano kinamtaka raia aachane nayo.

Nikija kwenye kuzaliwa na kuolewa, nitatumia hesabu ya sensa. Mwaka 1961 India ilikuwa na wasichana 976 kwa kila wavulana 1,000 wa umri wa hadi miaka 6. Mwaka 2011 walikuwa 918, na katika jimbo la Haryana 834. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikutana na hofu ya mahari. Mahari ya kule hutoka upande wa binti kwenda kwa familia ya mume, hivyo mtoto wa kike huhesabiwa deni tangu tumboni, na mimba yake ikishajulikana hutolewa. Sheria ya mwaka 1994 inataka kila mashine isajiliwe, kila mjamzito ajaziwe fomu, na inamfunga hadi miaka 3 daktari anayetaja jinsia ya mtoto. Udhaifu wake ni kwamba ishara ya jicho haiachi ushahidi, na mashine za kubebeka hupita vijijini. Wilaya zilizojitahidi zilikagua fomu zenyewe: ukizilinganisha na hesabu ya picha zilizobaki kwenye kumbukumbu ya mashine, pengo huonekana.

Mahari yenyewe ni marufuku tangu mwaka 1961, kwa anayetoa na anayepokea. Hata hivyo mwaka 2022 polisi waliandikisha vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake vinavyohusiana nayo. Watu huiita zawadi. Kuna kanuni ya mwaka 1985 ambayo ningependa kila kijana wa India anayeoa aifuate: zawadi zote za harusi ziandikwe kwenye orodha, kila kitu na thamani yake ya kukadiria, jina la aliyetoa na uhusiano wake, kisha bibi na bwana harusi watie saini. Orodha hiyo huchukua dakika chache. Familia inayokataa kuiandika imejieleza.

Nyumbani, utafiti wa serikali wa matumizi ya muda wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanawake wanaofanya kazi za nyumbani zisizo na malipo hutumia wastani wa dakika 289 kwa siku, na wanaume wanaozifanya dakika 88. Uhuru wa siku wa mwanamke unapotelea humo. Binti anayechota maji na kupika kabla ya shule hafiki mtihani sawa na kaka yake aliyelala.

Mwisho, uongozi. Tangu tarehe 24 Aprili 1993 theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, yaani panchayat, imetengwa kwa wanawake. Bihar ilifika nusu mwaka 2006, na majimbo mengi yakaifuata. Leo wanawake waliochaguliwa ni takribani milioni 1.4. Bunge la taifa liko nyuma mno: uchaguzi wa 2024 uliwapeleka wanawake 74 kati ya wabunge 543, na theluthi iliyopitishwa kwa marekebisho ya mwaka 2023 inasubiri sensa na ugawaji mpya wa majimbo ya uchaguzi.

Kijijini hakuna cha kusubiri. Shida ya huko ni mume anayekaa kwenye kiti cha mkewe, anayeshika muhuri na kupokea simu za ofisi ya wilaya. Dawa yake iko kwa wanakijiji wenyewe. Katibu asianze mkutano kabla mwenyekiti aliyechaguliwa hajaketi. Ajenda isomwe kwa sauti, maana huenda hakusomeshwa, na hilo si kosa lake. Hundi isainiwe mbele ya mkutano, kwa mkono wake. Saa ya mkutano ipangwe baada ya maji na chakula, na siyo jioni wakati amefungwa jikoni. Na mume akisimama kujibu swali aliloulizwa mkewe, yupo raia mmoja pale, mwanamume au mwanamke, anayepaswa kunyoosha mkono na kusema: swali hili ni la mwenyekiti, tunasubiri jibu lake.

Asanteni sana.